Igizo la mwili huharibika njiani, si kwenye picha

Vikundi vya skuli vinavyoniita kuja "kusafisha" igizo la mwili, yaani lile linaloelezwa kwa miili zaidi kuliko kwa maneno, huwa vimeshatengeneza picha nzuri. Watoto wetu wanajua kujenga jahazi kwa miili yao, mlango wa kuchonga, foleni ya maji bombani. Wakifika kwenye picha wanaganda na watazamaji wanapiga makofi. Tabu iko baina ya picha moja na nyengine. Hapo ndipo mmoja anapojiweka sawa mtandio, mwengine anamtazama mwenzake kama anayeuliza "sasa?", wa tatu anahesabu kwa midomo, na kwa sekunde kadhaa hakuna mtu anayeigiza. Kwa hivyo nikiwa na muda mfupi na kikundi, picha siziguzi. Nashughulika na njia.

Chukua igizo la mwani. Wanafunzi wa kidato cha tatu, wengi wao wasichana, kutoka kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja ambako mwani unalimwa kwa biashara tangu 1989. Habari wanaijua kuliko mimi: mama anafuata maji yakikupwa, anapiga vigingi, anafunga mbegu kwenye kamba, na miaka hii bahari imepata joto na ile mbegu yenye bei nzuri inakufa kwenye maji ya kina kifupi. Walikuwa na picha nne: vigingi, kamba, magunia, maji kujaa.

Kutoka kwenye kamba kwenda kwenye magunia walikuwa wanatembea tu, wanafika, wanainama. Nikawauliza: mama akishamaliza kufunga anafanya nini? "Ananyoosha mgongo, mwalimu." Basi hiyo ndiyo njia yenu. Wote wakaanza kunyoosha mgongo pale pale walipo, mkono kiunoni, polepole, na ile safari ya kwenda kwenye magunia ikazaliwa ndani ya mnyoosho huo: mguu unafuata mgongo, macho yanatafuta ufukwe, gunia liko pale. Hakuna hatua hata moja iliyoongezwa. Ila sasa kutembea kuna sababu, na mtu mwenye sababu hagusi mtandio wake.

Magunia yenyewe yalikuwa na tatizo jengine. Hayakuwepo, wanayabeba kwa kuigiza, na kila mmoja alikuwa na gunia la uzito wake. Huyu kanyanyua mto wa kulalia, yule kanyanyua jiwe. Hapa maneno hayasaidii. Tulijaza gunia la kweli mchanga wa maji, wakalibeba wawili wawili huku wengine wakitazama jambo moja tu: mwili unaanza wapi? Waligundua wenyewe. Pumzi inaingia kwanza, magoti yanakunjwa, shingo inakaza, na mikono ndiyo ya mwisho. Wakiigiza walikuwa wanaanza na mikono. Tulipoliondoa gunia, nikawataka warudie kwa mpangilio ule ule, pumzi mwanzo, mikono mwisho. Gunia likaonekana, tena moja, la uzito mmoja.

Pumzi ndiyo inayowaunganisha pia bila ya kuhesabu. Nakataza kuhesabu "moja, mbili, tatu" mapema kabisa, kwa sababu kikundi kinachohesabu kinasikiliza namba badala ya kusikilizana. Atakaye kuona watu wanavyokwenda pamoja bila ya namba, akatazame Maulidi ya Homu, kisomo cha kumsifu Mtume cha hapa Zanzibar: vijana wamepiga magoti safu moja, wanaanza taratibu, viwiliwili vinainama na kuinuka, kasi inapanda, na safu haikatiki. Ile ni ibada na siipeleki jukwaani. Ninachowaambia wanafunzi ni wakaitazame vizuri watakapoalikwa, wajiulize nani anayeongoza. Kisha kwenye mazoezi nawasimamisha karibu karibu, wote wakitazama upande mmoja, waanze kutembea pamoja na wasimame pamoja, bila ya kiongozi wala ishara. Mwanzo wanacheka. Wakiacha kucheka, wanaanza kusikia pumzi ya aliye nyuma yao.

Kuna kasoro ambayo nakutana nayo karibu kila skuli: kila kitu kinaigizwa kwa nguvu zote. Jacques Lecoq, Mfaransa aliyefungua skuli yake ya maigizo Paris mwaka 1956, alikuwa na zoezi la ngazi saba za mkazo wa mwili, kuanzia mwili uliokwisha nguvu kabisa hadi uliokauka kwa hofu au msiba. Silifundishi kwa majina yake, nawaachia wanafunzi wabatize wenyewe. Kikundi kimoja waliiita ngazi ya pili "barazani baada ya alasiri" na ya nne "nani kachukua simu yangu". Yakishapatikana majina, kusafisha kunakuwa kwepesi: "Hapa nyote mko ya sita, na bahari bado haijajaa. Shukeni ya tatu." Wanaelewa mara moja. Na ile ya saba inatumika mara moja tu katika igizo zima, vyenginevyo haina maana.

Sasa suala la kugusana, ambalo video za vikundi vya Ulaya haziwasaidii walimu wa huku. Kule wavulana na wasichana wanabebana mabegani. Hapa hawagusani, na mwalimu atakayelazimisha atapoteza wanafunzi, wazee na ukumbi kwa pamoja. Mimi sioni kama ni upungufu. Tunatumia kanga iliyosokotwa: mmoja anashika ncha hii, mwengine ncha ile, wote wanaegemea nyuma mpaka uzito wa mmoja unamzuia mwengine asianguke. Akilegea mmoja, wote wawili wanajua. Watazamaji wanauona uzito huo vizuri kuliko wanavyouona mtu akinyanyuliwa, kwa sababu kanga inakaza mbele ya macho yao. Kubebana, kama kupo, ni wasichana kwa wasichana na wavulana kwa wavulana, chini ya kimo cha bega, na pembeni pawe na watu wa kudaka. Wala msifanye juu ya mkeka uliotandikwa kwenye saruji. Mkeka unateleza. Bora mchanga mgumu wa pwani maji yakiwa yametoka, miguu mitupu.

Muziki nauzima. Wanafunzi wanapenda kuweka wimbo wa huzuni chini ya kila kitu, kisha wanadhani onyesho linaliza watu. Zima wimbo, tazama tena. Kama onyesho limekufa, basi aliyekuwa akifanya kazi ni mwimbaji. Onyesho likishasimama lenyewe bila ya wimbo, waurudishe wakitaka. Naondoa pia yule mtu anayetoka mbele mwishoni kusema "Kwa hivyo ndugu watazamaji, tumejifunza kwamba...". Walimu wakuu wanampenda sana mtu huyu. Tumeshabishana.

Wiki ya mwisho hakuna kuongeza. Tunarikodi kwa simu na kutazama mara moja bila ya sauti, kila mwanafunzi anataja pale jicho lake lilipotoka kwa mhusika na kwenda kwengine. Mahali palipotajwa na watu watatu ndipo tunapofanyia kazi, mahali pengine potelea mbali. Kisha tunafikiria ukumbi. Ngome Kongwe, kule Mji Mkongwe, watazamaji wanakaa kwenye ngazi na wanatazama chini, kwa hivyo aliyelala anaonekana na mistari mnayochora sakafuni inasomeka. Kwenye ukumbi wa skuli sakafu ni bapa, na kuanzia safu ya tatu hakuna anayemuona mtu aliyelala. Igizo la mwani lilikuwa na picha ya maji kujaa ambayo wote wako chini. Kwa ukumbi wa skuli tuliipandisha: wa mbele wamepiga magoti, wa kati wameinama, wa nyuma wamesimama, na maji yanapanda kutoka safu moja hadi nyengine, kila safu ikisubiri nusu ya pumzi.

Siku yenyewe hatulirudii igizo lote. Tunapita njia tu, kutoka picha hadi picha, bila ya kuganda, kwa mwendo wa kawaida. Sakafu ikaguliwe misumari. Kanga ziwe za ziada, zilizokwishafuliwa, kwa sababu mpya zinateleza mkononi.