“Mimi Kiingereza sijui, nitamsaidiaje?” na dhana nyingine kuhusu kitabu cha likizo

Kila Mei au Juni shule za Marekani zinapofunga, wanafunzi wengi wa shule ya kati, yaani wa darasa la 6 hadi la 8, hurudi nyumbani na karatasi yenye jina la kitabu cha kusoma likizoni. Mara nyingine ni riwaya ya fantasia, na moja inayopangwa tangu zamani ni The Hobbit ya J.R.R. Tolkien, iliyotoka Uingereza mwaka 1937. Katika nyumba za Waswahili karatasi hiyo hubandikwa kwenye friji, halafu yanafuata maneno yale yale ambayo sisi tunaofundisha watoto kusoma tumeyasikia mpaka tumechoka. Mengi yanajibika kwa sentensi chache. Moja linahitaji nafasi, kwa sababu ndilo linalomnyima mtoto msaada mkubwa kuliko wote alio nao nyumbani.

“Kiingereza changu hakitoshi, kwa hiyo sina la kufanya”

Si kweli hata kidogo, na inaumiza kulisikia kutoka kwa wazazi waliokua wakiitikia “pakawa” kila walipoambiwa “paukwa”.

Mtoto wa miaka 12 anapopewa riwaya hapimwi namna anavyotamka maneno. Anapimwa kama ameshika nani anataka nini, nani anamzuia, kipi kimebadilika tangu sura iliyopita na kwa sababu gani. Hayo yanafikiriwa kwa lugha yoyote. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya watoto wenye lugha mbili, aliandika tangu 1979 kwamba uwezo wa kuelewa na kupanga mawazo uliojengwa katika lugha moja huisaidia lugha ya pili. Mtoto anayeweza kukusimulia sura nzima kwa Kiswahili bila kuruka sababu za mambo tayari ana mifupa ya insha atakayoandika shule ikifunguliwa. Asiyeweza kuisimulia kwa lugha yoyote hajaisoma, hata kama macho yake yamepita kila mstari.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kila sura ikiisha, mtoto afunge kitabu na akusimulie kwa dakika 5, wewe ukiendelea kukatakata mboga au kukunja nguo. Usimkatize. Akimaliza, muulize maswali ambayo hayahitaji wewe uwe umesoma: Nani alikosea katika sura hii? Kosa lake limemponza nani? Bilbo (mhusika mkuu wa The Hobbit, aliyeacha nyumba yake kufuata hazina ya mbali) angeweza kurudi kwao hapa, na mbona hakurudi? Nani leo si yule wa jana? Unadhani kesho itakuwaje? Kisha afungue kitabu akuonyeshe ukurasa unaothibitisha jibu moja, na abandike hapo kikaratasi chenye namba ya sura. Huo ukurasa ndio ushahidi ambao mwalimu ataudai kwenye insha. Vikaratasi 19, kimoja kwa kila sura, vinamtosha.

Mambo yanaharibika kwa njia tatu. Ya kwanza, mzazi anauliza swali la ndiyo au hapana (“Umesoma?” “Ndiyo”), na mazungumzo yanakufa palepale. Ya pili, mtoto anasema “ilikuwa nzuri tu”. Hapo mwambie akutajie kitu kimoja kilichoibwa, kilichovunjika au kilichopotea katika sura hiyo; kitabu hiki kimejaa vitu hivyo, na kikipatikana kimoja hadithi hufumuka yenyewe. Ya tatu, na ndiyo mbaya zaidi, mzazi anaanza kusahihisha ngeli katikati ya masimulizi. Acha. Mtoto akichanganya Kiswahili na Kiingereza mwache amalize, halafu wewe urudie tukio hilo kwa sentensi moja ya Kiswahili safi. Na kiwe Kiswahili cha Tanga, cha Mombasa, cha Bukavu au cha Lubumbashi, kazi inafanyika vilevile. Hofu kwamba Kiswahili “kitamchanganya” haina msingi.

Mfano wa sura inayolipa juhudi hizi ni ya 12. Bilbo anazungumza na Smaug, joka linalolalia dhahabu, na ili kuficha jina lake anajiita kwa mafumbo. Katika kujigamba anajiita mpanda mapipa. Joka linaunganisha neno hilo na watu wa mji wa ziwani, na sura ya 14 mji unateketea. Mtoto anayesoma haraka anaona joka limekasirika basi. Anayelazimika kumweleza baba yake kwa nini mji ule umechomwa itabidi arudi nyuma alitafute neno lililoponza.

Ila sura ambayo mzazi wa Kiswahili anaijua kuliko mwalimu ni ya 5. Bilbo amepotea gizani chini ya milima, anakutana na Gollum, kiumbe anayeishi humo gizani, nao wanategeana vitendawili. Bilbo akishinda ataonyeshwa njia ya kutoka, akishindwa ataliwa. Kimoja cha vitendawili hivyo kinahusu sanduku lisilo na bawaba, ufunguo wala kifuniko, na ndani yake mna hazina ya dhahabu. Ni yai. Nani kati yetu hakutegewa “nyumba yangu haina mlango”? Kingine jibu lake ni giza, nasi tunacho cha “huku ng'o na huko ng'o”. Kabla mtoto hajaifungua sura hiyo, tumieni jioni moja kutegeana. Kitendawili! Tega! Anayeshindwa atoe mji. Ahisi mwenyewe kwamba mchezo huu una dau na una kanuni. Siku ya pili asome, halafu mbishane juu ya swali la mwisho la Bilbo, la kitu kilichomo mfukoni mwake. Je, hicho ni kitendawili? Gollum hana dalili hata moja ya kumfikisha kwenye jibu, na kwetu pia mtegaji wa namna hiyo angepigiwa kelele. Mtoto aliyelumbana nyumbani juu ya hilo hukaa darasani akiwa na hoja yake mwenyewe, wakati wenzake wanakariri muhtasari. Tolkien mwenyewe aliiandika upya sehemu ya sura hii kwa toleo la 1951, kwa hiyo haistahili kupitwa mbio.

“Kina wachawi, si kitabu cha nyumba ya waumini”

Tatizo hapa limeanzia kwenye tafsiri. Mtoto anamwambia mama kwamba Gandalf ni “mchawi”, na neno hilo kwetu ni la mtu anayedhuru wenzake kwa siri. Gandalf hana sifa hiyo. Ni mzee msafiri mwenye fimbo, anayejua mengi, anayewatia moyo wenzake na kuwaacha wafanye kazi yao wenyewe. Mwambie mtoto amwite mzee wa hekima, au abaki na jina lake tu. Mwandishi alikuwa Mkatoliki aliyeshika dini yake, na kitabu kinaishia kwenye mambo ambayo mhubiri yeyote angeyakubali: tamaa ya dhahabu inamharibu Thorin, kiongozi wa vibete wanaosafiri na Bilbo, naye anaomba radhi akiwa kitandani mwa mauti. Zimwi, joka na wanyama wanaosema wamo pia katika hadithi za bibi zetu, na hazikutuharibu.

Jambo ambalo mzazi anapaswa kulijua mapema ni vifo. Thorin na wapwa zake wawili, Fili na Kili, wanakufa kutokana na vita vya mwisho. Kwa familia iliyokimbia vita hilo ni la kuzungumza kabla ya kufika sura ya 17 na 18, si la kumshtukizia mtoto.

“Ni kitabu cha watoto, atakimaliza wiki ya mwisho”

Tufanye hesabu. Kitabu kina maneno takriban 95,000. Mtoto anayesoma maneno 120 kwa dakika, kasi ya kawaida kwa aliyejifunza Kiingereza ukubwani kidogo, anahitaji karibu saa 13. Kwa dakika 20 kwa siku hizo ni siku 40. Likizo ya wiki 10 inazibeba bila taabu, wiki moja haizibebi. Kuijua kasi ya mtoto wako ni rahisi: asome kimya kwa dakika 3, muhesabu maneno aliyopita, mgawanye kwa 3. Kisha gawanyeni 95,000 kwa jibu hilo mjue ni dakika ngapi kwa jumla.

Ratiba inayokaa vizuri ni sura 2 kwa wiki, kila sura kwa vikao viwili au vitatu, na Jumapili ya mapumziko. Sura hazilingani urefu. Ya 1 na ya 8 ni ndefu na zinachosha, na ndizo watoto wengi wanapoachia kitabu. Zipeni vikao zaidi.

Neno “cha watoto” limepotosha wengi. Rayner Unwin, mtoto wa mchapishaji, alikisoma akiwa na miaka 10 na kuandika kwamba kitawafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Yeye alikulia katika nyumba ya vitabu na Kiingereza kilikuwa cha mama yake. Usimpime mwanao kwa mizani hiyo, wala usimwambie kitabu ni rahisi. Akikwama baada ya kuambiwa hivyo, atajiona yeye ndiye mjinga.

“Lazima awajue vibete wote 13”

Hapana. Sura ya 1 inawamwaga wote mlangoni kwa Bilbo, na mtoto mwenye bidii huanza kuandika orodha, akachoka kabla safari haijaanza. Washikwe 5: Thorin kiongozi, Balin mzee aliye rafiki wa Bilbo, Fili na Kili vijana kuliko wote, na Bombur mnene anayetumbukia mtoni msituni. Wengine 8 wachukuliwe kama kundi. Karatasi moja ukutani yenye majina hayo matano, pamoja na Bilbo, Gandalf, Gollum, Smaug na Bard mpiga upinde wa mji wa ziwani, itamfikisha mwisho.

“Kila neno gumu aangalie kamusi”

Ndiyo njia ya haraka ya kuua riwaya. Mtoto akifungua simu mara 15 kwa ukurasa, hadithi imekatika mara 15. Apige mstari wa penseli, aendelee, na mwisho wa sura achague maneno 3 tu yaliyojirudia au yaliyomzuia kuelewa tukio. Mengine kamusi haitamsaidia sana, kwa kuwa mwandishi aliyabuni. Hata neno la jina la kitabu, hobbit, limejulikana kupitia kwake. Kipimo chetu: asome ukurasa mmoja na akuambie nini kimetokea. Akiweza, maneno aliyoyaruka hayana shida. Asipoweza kurasa tatu mfululizo, ongezeni kitabu cha kusikiliza.

“Kusikiliza si kusoma”

Kusikiliza huku kidole kikifuata mstari ni kusoma, na kwa mtoto wa lugha ya pili ni msaada mkubwa, kwa sababu msomaji mzuri humwonyesha sentensi ndefu inakatwa wapi na nani anazungumza. Kosa ni kusikiliza bila kitabu mkononi huku akicheza gemu. Kadi ya maktaba ya umma kwa wakazi ni bure, na maktaba nyingi huazimisha vitabu vya sauti kupitia programu ya Libby. Wekeni oda mapema Juni. Kitabu kilicho kwenye orodha za shule huwa na foleni, na Agosti utakuta watu wengi mbele yako.

“Filamu zipo, aangalie filamu”

Filamu zipo tatu, za 2012, 2013 na 2014, na zimeongeza mengi. Tauriel, mpiganaji wa kike wa kwenye filamu, hayumo kitabuni kabisa. Legolas, mpiganaji mwingine wa kwenye filamu, hatajwi. Vita vya mwisho, vinavyochukua muda mrefu kwenye filamu, kitabuni vinapita haraka kwa sababu Bilbo anapigwa jiwe kichwani na kuzirai. Walimu wanazijua tofauti hizi na huzitegea maswali. Mtoto akiandika juu ya Tauriel, amejieleza mwenyewe kwamba hakusoma. Aziangalie baada ya sura ya 19, na hapo zina faida: aorodheshe mambo matano yaliyobadilishwa na aseme kila badiliko limeongeza au limepunguza nini.

“Muhtasari wa intaneti unatosha”

Muhtasari utamwambia kwamba katika sura ya 16 Bilbo anampa Bard jiwe la thamani ambalo Thorin analitafuta. Hautamwambia kama ule ni usaliti. Hilo ndilo swali ambalo mwalimu ana uwezekano mkubwa wa kuliuliza, na jibu lake limetawanyika: ahadi ya sura ya 2 kwamba Bilbo atapata fungu moja katika 14, siku alipoliokota jiwe na kulificha, shida ya watu waliozingira mlima, na uamuzi wake wa kurudi usiku uleule kwa wenzake wakati angeweza kubaki salama nje. Mpe mtoto sinia la karanga, umwambie wewe uko upande wa Thorin, na umtake akushinde kwa kurasa.