Kuswapu breki: kufunga breki za WRX kwenye Impreza ya kawaida maana yake nini

Ukikaa kijiweni na watu wa Subaru haichukui muda utasikia mmoja anasema "mi nshaweka fopoti" na mwenzake anajibu "mi nasubiri Brembo". Hapo wanaongelea kuswapu breki (Brembo ni kampuni ya breki ya Italia, fopoti nitaieleza chini), yaani unatoa breki zilizokuja na gari lako dogo la kawaida unafunga za ndugu yake mwenye mbio, spea ya kiwanda kilekile, na ikienda vizuri hakuna kuchomelea wala kuchonga kitu, unafungua boliti mbili za kalipa, kile chuma kinachobana diski kwa pedi, unafunga boliti mbili.

Inawezekana kwa sababu kiwanda hakipendi kutengeneza kila kitu mara mbili. Impreza isiyo na turbo na WRX, ambayo ni Impreza yenye turbo, ni ukoo mmoja, na kile chuma cha mbele kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu) na kushika kalipa kina matundu ya boliti yaliyoachana sawasawa, so kalipa ya WRX inakaa pale kama imezaliwa pale. Subaru siyo peke yao, Volkswagen Golf Mk5 nayo inaenda hivyohivyo, za kawaida zina diski ndogo mbele halafu zile zenye mbio, GTI ina mm 312 na R32 ina mm 345, wenye Golf wanapandisha ngazi kwa ngazi. Ila mimi nitabaki kwenye Impreza za miaka ya 2000 maana ndizo zimejaa Nairobi na Dar, na spea zake za mtumba za kutoka Japani zinapatikana.

Impreza isiyo na turbo nyingi zina diski ya mbele ya mm 277 hivi. Fopoti za WRX ya Japani zinatumia diski ya mm 294. Brembo za STI, ile Impreza kali kuliko WRX, zinatumia mm 326, nene mm 30. Na fopoti maana yake ni kalipa yenye pistoni 4, hamna siri zaidi ya hiyo.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapotea. Mtu anaona kalipa yake ina pistoni 2, anaona ile ina 4, anapiga hesabu kwamba nguvu imekuwa mara mbili. Hapana bana. Kalipa ya kawaida inateleza, pistoni zake zote ziko upande mmoja wa diski, zikisukuma pedi ya ndani kalipa nzima inarudi nyuma na kuivuta pedi ya nje. Fopoti haitelezi, imefungwa ikatulia, pistoni 2 ndani na 2 nje. Ukitaka kulinganisha unahesabu eneo la pistoni za upande mmoja tu, na ukifanya hivyo ni 2 kwa 2, tofauti inabaki kwenye upana wa pistoni zenyewe. Faida ya uhakika ni kwamba kalipa isiyoteleza haijikunji ovyo ukikanyaga, pedali inakuwa ngumu na unaisikia vizuri mguuni, halafu diski kubwa inashikwa mbali zaidi na katikati ya gurudumu, toka 277 kwenda 294 unapata kama asilimia 6 zaidi ya nguvu ya kuzuia gurudumu kwa mkanyago uleule. Asilimia 6, basi. Brembo inakupa kama 18 kwa hesabu hiyohiyo ya diski.

So mbona watu wanazitafuta hivyo? Joto. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, na mwendo ukiongezeka mara mbili hilo joto linaongezeka mara nne, yaani kusimama kutoka 100 kunamwaga joto mara nne ya kusimama kutoka 50. Diski kubwa yenye chuma kingi ni kama sufuria nzito, inakula moto mwingi kabla haijapata moto sana. Shuka Kitonga na abiria wanne na mizigo, au shuka kwenda Mai Mahiu huku uko nyuma ya lori unakanyaga unaachia unakanyaga unaachia, diski ndogo zitafika mahali pedi zinaanza kunuka na kuteleza, na ikizidi oili ya breki inachemka ndani ya kalipa, mvuke unabanika tofauti na oili, pedali inazama mpaka chini na gari linaendelea na safari zake. Breki kubwa zinaisogeza mbali siku hiyo. (Na hata uwe na Brembo, kwenye mteremko ule weka gia ndogo, usijifanye.)

Kitu ambacho hazifanyi, na wauzaji hawakwambii, ni kufupisha ule mkanyago mmoja wa ghafla mjini. Kama breki zako za sasa zikikanyagwa kwa nguvu zinaamsha ABS (mfumo unaozuia tairi zisifunge) au zinafunga tairi, maana yake tayari zina nguvu kuliko tairi inavyoweza kushika lami, na hapo kinachokusimamisha ni raba ya tairi. Mtu ana tairi zimekauka za zamani halafu anatafuta fopoti, mi huwa namwambia nunua tairi kwanza, weka pedi nzuri, badilisha oili weka DOT 4 mpya maana oili ya breki inavuta unyevu na kiwango chake cha kuchemka kinashuka: DOT 4 kavu inaanzia digrii 230, ikishaloa kiwango chake cha chini ni 155. Wengi wakifanya hayo matatu hamu ya kuswapu inaisha yenyewe.

Halafu kuna mizani. Gari limepangwa mbele ifanye kazi kiasi gani na nyuma kiasi gani. Ukiongeza sana mbele ukaacha nyuma vilevile, mbele inafika mwisho wake mapema wakati nyuma bado imelala, unaweza hata kusimama mbali kuliko mwanzo. Fopoti mbele na diski za kawaida nyuma wengi wanaishi nazo bila shida, ila Brembo mbele peke yake siipendi. Na nyuma ndo kuna kazi, kwa sababu hendibreki ya Subaru yenye diski nyuma ni drami ndogo iliyojificha ndani ya diski, ya kawaida ni mm 170 na ya STI ni mm 190, so diski ya STI haikubali lainingi zako, yaani pedi za ndani ya drami. Kama gari lako nyuma ni drami tupu, hapo unahamisha karibu kila kitu cha nyuma, ongea na fundi vizuri kabla hujatoa hela.

Masta silinda nayo, ile pampu inayosukuma oili ukikanyaga pedali. Pistoni za kalipa zikiwa pana zaidi zinataka oili nyingi zaidi, masta ndogo italazimisha mguu uende mbali kabla breki haijashika. Ndo maana wengine wanachukua na masta ya gari lilelile walikotoa kalipa.

Rimu: za inchi 15 nyingi zinagusa fopoti, anzia 16. Brembo zinataka 17, na siyo kila 17, umbo la spoku linaweza kukugomea. Na STI kuanzia modeli ya 2005 zilihama kutoka tundu 5 za boliti za gurudumu kwenye duara la mm 100 kwenda duara la 114.3, so diski zake hazikai kwenye habu yako mpaka utafute za tundu la zamani.

Ukinunua mtumba pale Kirinyaga Road au Kariakoo usidanganyike na rangi nyekundu. Funua raba ya vumbi uone pistoni kama zina kutu, seli (raba zinazozuia oili isivuje) uzibadilishe tu hata kama muuzaji anaapa. Diski ina unene wa mwisho umeandikwa pembeni, pima. Na kama fundi amefunga, ametoa hewa nusu siku na pedali bado laini, angalia nipeli ya kutolea hewa iko wapi: ikiwa chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia, hewa imekaa juu na haitatoka hata mkeshe.