Kutyuni injini ya dizeli ni jambo moja, kupakia faili ni jingine

Siku hizi kila mwenye piki-apu ya dizeli na kompyuta mpakato "ametyuni". Ukimuuliza alibadilisha nini, anakutajia jina la aliyemuuzia faili. Ukimuuliza joto la eksozi lilifika ngapi gari likivuta tela mlimani, anakuonyesha video ya moshi. Neno hili limeanza kubeba kila kitu, na neno linalobeba kila kitu halimsaidii anayetaka kujifunza kazi yenyewe.

Maana yake kwa kifupi: injini ya dizeli ya kisasa inaendeshwa na kompyuta yake. Ndani ya kompyuta hiyo kuna mamia ya majedwali, ambayo mafundi huyaita ramani, yanayoamua dizeli iingie kiasi gani, lini, kwa presha gani, na turbo isukume hewa kiasi gani. Kutyuni ni kurekebisha namba za majedwali hayo kwa kufuata vipimo vilivyochukuliwa kwenye injini hiyohiyo, kisha kupima tena, na kurudia mpaka injini ifanye unachotaka bila kuvuka mipaka yake. Basi. Yaliyobaki yote yanahusu vipimo, maana hapo ndipo watu wanaporuka.

Aliyenunua faili akalipakia kwenye gari amefanya jambo linalofanana na kuflashi simu: ameweka kazi ya mtu mwingine mahali pa kazi ya kiwandani. Silidharau. Faili la mtu makini linaweza kuwa bora kuliko chochote ambacho mwanafunzi ataandika mwaka wake wa kwanza. Lakini aliyeliandika hakuiona injini yako. Aliandika kwa injini ya wastani, yenye nozeli (vinyunyizio vya dizeli) nzima, filta safi na turbo isiyovuja. Yako ina umri wake na maradhi yake. Na hayo maneno ya "hatua ya kwanza" na "hatua ya pili" yanayobandikwa kwenye mafaili hayana kipimo chochote nyuma yake. Hakuna chombo kinachoamua hatua ya pili ni nguvu kiasi gani. Kila muuzaji ana yake.

Kisanduku cha kuchomeka nacho kinaitwa tyuni, na hapo ndipo nachoka kabisa. Aina nyingi za visanduku hivyo hukaa kati ya kompyuta na sensa ya presha ya reli, yaani bomba la pamoja linaloshikilia dizeli yenye presha kubwa kwa ajili ya nozeli zote, zikiiambia kompyuta kwamba presha iko chini kuliko ilivyo. Kompyuta, kwa uaminifu wake, inapandisha presha. Dizeli inaongezeka, gari linakimbia, na kompyuta haijui kilichotokea. Hakuna jedwali hata moja lililoguswa.

Halafu kuna kuzima vifaa vya kudhibiti moshi: kichujio cha masizi, mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini na vinginevyo. Huko ni kukata, wala hakuhitaji kipimo chochote. Marekani, ambako piki-apu kubwa za dizeli ndiko kwao, jambo hili limekatazwa na Sheria ya Hewa Safi, na shirika lao la mazingira, EPA, lilikadiria mwaka 2020 kwamba zaidi ya piki-apu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa vifaa hivyo katika muda wa takriban miaka 10. Wengi wa wenye magari hayo watakuambia wametyuni. Unaweza kuzima kila kitu na usiwe umetyuni hata seli moja, yaani chumba kimoja cha namba ndani ya jedwali, na unaweza kutyuni vizuri sana huku kila kifaa kikiwa mahali pake na kikifanya kazi.

Mkanganyiko huu haukuwapo enzi za pampu za chuma. Kwenye Cummins za lita 5.9, injini za piki-apu za Dodge Ram, za 1994 hadi 1998, zenye pampu ya Bosch P7100, aliyetaka nguvu alifungua pampu: akasogeza bamba linalozuia dizeli, akabadilisha springi za gavana (kidhibiti cha mizunguko), akageuza pampu ili isukume mapema zaidi. Kisha akaendesha, akatazama moshi, akasoma geji ya joto, akarudi kwenye spana. Usingeweza kujidai umetyuni kwa kununua kitu, kwa sababu mkono wako ulipaswa kuingia. Duramax ya 2001, injini ya General Motors, ilikuja na komoni reli, mfumo wa ile reli ya pamoja unaoongozwa na kompyuta, Cummins ikafuata mwaka 2003, na kuanzia hapo spana ikawa kebo. Kebo ndiyo iliyotuletea shida hii ya maneno, kwa sababu anayepakia na anayetyuni wote wanaonekana wamekaa kwenye kiti cha dereva na kompyuta mapajani.

Programu zenyewe nazo zinatofautiana. EFILive na HP Tuners hukuonyesha majedwali yakiwa tayari na majina na vizio. WinOLS inafungua faili ghafi, namba tupu, na usipokuwa na ufafanuzi wa faili hilo unabaki kutafuta ramani kwa macho kama anayesoma mchanga. Lakini hakuna hata moja inayotyuni. Zinakufungulia mlango tu.

Sasa tuangalie namba, maana bila namba tutaendelea kubishana.

Injini ya petroli hupunguza hewa ili kupunguza nguvu. Dizeli kwa kawaida huacha hewa iingie, kisha ikapima mafuta. Kwa hiyo ukiongeza mafuta nguvu inapanda, na ndiyo maana mtu yeyote anaweza kuongeza nguvu ya dizeli kwa kupandisha namba moja. Swali ni mafuta hayo yataungulia wapi.

Chukua injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapita nyuzi 12 kila milisekunde moja. Kwenye mizunguko 3,000 inapita nyuzi 18. Tuseme umeongeza dizeli mpaka nozeli inahitaji kubaki wazi mikrosekunde 2,000, yaani milisekunde 2, na inaanza kunyunyiza nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa. (Tuache kwa sasa kwamba nozeli huchelewa kidogo kufunguka na kufunga.) Kwenye 2,000, unyunyizaji unachukua nyuzi 24, unaisha nyuzi 14 baada ya pistoni kufika juu. Inavumilika. Kwenye 3,000, muda uleule unachukua nyuzi 36, unaisha nyuzi 26 baada ya juu, pistoni ikiwa imeshaanza safari ya kushuka kwa kasi. Mafuta ya mwisho hayasukumi pistoni kama yale ya mwanzo. Yanaungua kwa kuchelewa, na sehemu kubwa ya joto lake inatoka na eksozi kwenda kuipiga turbo. Seli mbili za jedwali lilelile, namba ileile, matokeo mawili tofauti kabisa.

Ufanye nini? Unaweza kuanza kunyunyiza mapema, lakini ukizidisha, moto unawaka pistoni ikiwa bado inapanda. Presha ndani ya silinda inaruka, na anayelipa ni gasketi ya kichwa na konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Unaweza kupandisha presha ya reli ili mafuta yaleyale yapite kwa muda mfupi, lakini mtiririko haupandi sambamba na presha. Unafuata kipeuo chake cha pili. Kutoka baa 1,200 kwenda 1,600, yaani presha imeongezeka kwa theluthi nzima, muda wa nozeli unapungua kwa asilimia 13 hivi: mikrosekunde 2,000 inakuwa kama 1,730. Na pampu lazima iweze. Au unapunguza mafuta kwenye mizunguko ya juu na kukubali kwamba hapo ndipo injini hii ilipofikia. Kuchagua kati ya hayo, kwa injini hii, kwa mzigo huu, ndiko kutyuni. Faili la kununua limeshachagua kwa niaba yako, na huenda limechagua kwa gari lenye nozeli kubwa kuliko zako.

Kuna jedwali moja ambalo wanafunzi hulikimbilia: lile linalotafsiri kiasi cha mafuta na presha kuwa muda wa nozeli kukaa wazi. Ukilipandisha lote kwa asilimia 20, gari linapata nguvu kila mahali kwa dakika moja ya kazi. Inavutia. Lakini umeidanganya kompyuta sawasawa na kile kisanduku. Inaamini imeagiza milimita za ujazo 60 kwa kila mpigo kumbe zimeingia 72. Kikomo cha moshi, kinachohesabu mafuta kulingana na hewa, kinahesabu 60. Hesabu ya nguvu ya kuzungusha nayo inasema 60, na kwenye gari la giaboksi ya otomatiki, giaboksi hupanga presha ya kubana klachi zake kwa kusikiliza hesabu hiyo. Inabana kwa nguvu ya 60 huku injini ikisukuma ya 72. Klachi zinateleza, na mwenye gari anasema giaboksi za aina hii ni mbovu. Jedwali hilo linaguswa kwa halali ukibadilisha nozeli zenyewe, kwa sababu hapo tafsiri ya zamani si kweli tena. Ukiwa na nozeli za kiwandani, liache liseme ukweli, uende kubadilisha ombi la mafuta na mipaka yake.

Na moshi mweusi, kabla sijasahau. Ili dizeli iungue yote kinadharia inahitaji hewa kama mara 14.5 ya uzito wake, na kwa vitendo unataka zaidi ya hapo, kwa sababu mafuta na hewa havichanganyiki vizuri ndani ya muda mfupi namna hiyo. Silinda ikipata miligramu 1,800 za hewa na ukitaka uwiano wa 18 kwa 1, mafuta yako ni miligramu 100. (Majedwali mengine yako kwa milimita za ujazo, miligramu 100 za dizeli ni kama milimita za ujazo 120, na wapo waliochanganya vizio hivi viwili wakashangaa.) Ukimimina 140 kabla turbo haijaamka, ziada inatoka ikiwa masizi. Kwa hiyo wingu jeusi unaloonyeshwa kwenye video ni ushahidi kwamba jedwali la kikomo cha moshi limefunguliwa likaachwa wazi.

Mwanafunzi aanzie wapi basi? Asome faili la kiwandani kutoka kwenye gari lake na kulihifadhi mahali pawili. Aweke chaja kwenye betri kabla ya kuandika chochote, maana volti ikianguka katikati ya kuandika unaweza kubaki na kompyuta iliyokufa. Kisha asibadilishe kitu. Aendeshe gari likiwa la kiwandani huku programu ikirekodi: mizunguko, presha ya reli iliyoombwa na iliyopatikana, presha ya turbo iliyoombwa na iliyopatikana, muda wa nozeli, hewa, joto. Hiyo ndiyo logi, na ndiyo sehemu ambayo haiuzwi.

Tuseme logi inaonyesha kwamba kwenye kanyagio lote kompyuta inaomba baa 1,600 na reli inatoa 1,450, na pengo linakua kadiri mizunguko inavyopanda. Mwenye faili la kununua haoni hili. Anapakia, faili linaomba 1,700, pengo linazidi, gari linawasha taa na kupunguza nguvu, naye anaandika kwamba faili ni baya. Anayetyuni anafunga kompyuta kwanza. Anabadilisha filta ya dizeli, anapima kiasi kinachorudi kutoka kwenye nozeli, anakagua kidhibiti cha presha. Mara nyingi tatizo lilikuwa hapo tangu mwanzo, na nguvu aliyokuwa akiitafuta kwenye jedwali ilikuwa imezuiwa na filta.

Gari likishakuwa zima, anabadilisha jedwali moja, eneo dogo, kwa hatua ndogo, anapakia, anaendesha, anarekodi, analinganisha. Mashine ya kupimia nguvu, ile dino, inasaidia kwa sababu inashikilia mzigo bila kuyumba, lakini barabara iliyonyooka isiyo na watu na mlima unaojulikana vinaweza kufundisha mengi. Ukibadilisha majedwali manne kwa pamoja na gari likawa bora, hujui ni lipi lililosaidia. Likiwa baya, hujui ni lipi la kurudisha.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyenunua faili likakaa vizuri kwenye gari lako: hongera, na ukiulizwa sema umepakia faili la fulani, ili anayekusikiliza ajue amuulize nani. Siku utakayochukua logi, ukaona joto la eksozi linapanda kupita kiasi kwenye mizunguko 2,800, ukapunguza mafuta kwenye seli tatu na kurudia mlima uleule kuhakikisha limeshuka, siku hiyo nguvu ya gari itakuwa imepungua kidogo, na utakuwa umetyuni.