Kupoza Tangi la Samaki Wakati wa Kaskazi kwa Gharama Ndogo

Kuanzia Novemba, kusi inapokwisha na kaskazi kuanza kuvuma, wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Mtwara na wenzao wa Lindi huniletea swali lilelile: samaki wanapanda juu alfajiri na kutweta, je, ni ugonjwa? Mara nyingi si ugonjwa, bali ni uhaba wa oksijeni unaoletwa na joto. Maji ya nyuzi 25 yanaweza kubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa kila lita, lakini yakifika nyuzi 32 hayazidi 7.3 hivi. Wakati huohuo mwili wa samaki, ambao joto lake hufuata lile la maji, hufanya kazi kwa kasi zaidi na kudai oksijeni nyingi zaidi. Usiku mimea ya tangini huacha kuzalisha oksijeni na kubaki kuitumia tu, ndiyo maana shida hujitokeza kabla jua halijachomoza.

Wengi hukimbilia barafu, na hapo ndipo ninapopingana nao. Kilo moja ya barafu, ikiyeyuka na maji yake kupata joto hadi nyuzi 28, hufyonza takriban kilojuli 450. Katika tangi la lita 100 hiyo ni nyuzi moja tu na ushei. Lita moja ya maji inapogeuka mvuke huondoka na takriban kilojuli 2,400, yaani zaidi ya mara tano ya kilo ile ya barafu, wala haihitaji jokofu. Ndivyo mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa: maji hupenya kwenye vinyweleo vyake, hukauka kwa nje, na yanayobaki ndani hupoa. Tangi la kioo halina vinyweleo, kwa hiyo kazi yote hufanyika juu ya uso wa maji, na uso huo ndio tunaopaswa kuuhudumia.

Kifaa kinachotosha ni feni ndogo ya volti 12, kama zile zinazotolewa kwenye kompyuta mbovu, ambayo mafundi wengi wa mjini huwa nayo na hutumia wati chache tu. Iunganishe na adapta ya volti hizohizo, uifunge kwenye ukingo wa tangi ikiwa imeinama kidogo, ili upepo upite juu ya maji kutoka upande mmoja na kutokea upande wa pili badala ya kugonga sehemu moja. Ondoa kifuniko cha kioo, ambacho huzuia mvuke kutoka, na badala yake tandika kipande cha chandarua ili samaki wasiruke nje. Waya uachwe uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenye soketi yenyewe, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Njia hii ina mpaka wake. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 haiwezi kupoza maji kwa ukaukaji chini ya nyuzi 27.5 hivi, hata feni iwe kubwa kiasi gani, na pwani yetu wakati wa kaskazi unyevu ni mwingi. Kushusha nyuzi mbili au tatu kwa saa zote za mchana ni mafanikio ya kweli.

Maji yaliyokauka hurudishwa kila siku, na hapa pana jambo ambalo halizingatiwi sana: mvuke huondoka peke yake na kuacha chumvi zote tangini. Ukijazia maji ya kisima cha karibu na bahari, chumvi itazidi kulimbikizana. Maji ya mvua ndiyo bora, na kwa bahati njema mvua zetu hunyesha katika msimu huuhuu wa joto. Iache mvua ya kwanza ioshe bati kwanza. Kama unatumia maji ya bomba, yalaze kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha. Usichote maji ya simtanki saa nane mchana, kwani yatakuwa yamechemshwa na jua, chota alfajiri.

Mahali pa kuliweka tangi pia ni dawa isiyogharimu kitu. Chumba chenye bati lisilo na dari hakifai, ilhali nyumba za kale za Mikindani zenye kuta nene za mawe ya matumbawe hukawia kupata joto. Kumbuka vilevile kwamba sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo Desemba jua huelemea upande wa kusini, na dirisha lililokuwa na kivuli Juni linaweza kupigwa na jua asubuhi au jioni.

Kwa anayeanza, ningemsihi asinunue samaki wa dhahabu, kwa sababu hao ni wa maji ya chini ya nyuzi 24 na hapa watateseka bure. Beta na gurami huvuta hewa juu ya maji, hivyo hustahimili uhaba wa oksijeni. Mbuna wa Ziwa Nyasa hupenda nyuzi 24 hadi 28 na maji yenye oksijeni ya kutosha, kwa hiyo huhitaji uangalizi wa karibu.

Umeme ukikatika mchana, usiwalishe samaki, kwani chakula huongeza uchafu na mahitaji ya oksijeni. Washa pampu ya hewa ya betri kama unayo; kama huna, chota maji ya tangi kwa kata na kuyamimina taratibu kutoka juu, mara kwa mara, mpaka samaki watulie. Wakati huo pekee barafu ina nafasi yake: chupa ya nusu lita iliyofungwa vizuri, moja kwa wakati, huku ukitazama kipimajoto kisishuke kwa ghafla.