Ratiba hufuata barafu: namna kituo cha sayansi ya Aktiki kinavyoendeshwa Svalbard

Longyearbyen iko nyuzi 78 kaskazini, katika visiwa vya Svalbard vilivyo chini ya Norwei. Hapo jua halionekani kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na halitui kuanzia karibu tarehe 20 Aprili hadi karibu tarehe 23 Agosti. Ndipo ilipo UNIS, kituo cha vyuo vikuu kilichoanzishwa mwaka 1993 na vyuo vikuu vya Oslo, Bergen, Trondheim na Tromsø. Kina idara za biolojia, jiolojia, jiofizikia na teknolojia ya Aktiki. Hakitoi shahada. Mwanafunzi hubaki amesajiliwa chuoni kwake, huja kwa kozi ya wiki chache au kwa muhula mzima, kisha hurudi nyumbani na alama zake.

Anayetaka kuelewa kituo cha aina hii aanzie stoo, wala si ukumbi wa mihadhara. Mihadhara ya miamba, barafu na viumbe vya baharini inaweza kutolewa popote. Kinachofanya watu wasafiri hadi huku ni uwezo wa kulipeleka kundi la wanafunzi ishirini juu ya bahari iliyoganda, likapima, likarudi jioni likiwa kamili na vipimo vinavyofaa. Uwezo huo hukaa kwa watu wa stoo, karakana na redio. Na kipimo chake kikubwa, kwa maoni yangu, ni kimoja: je, ni rahisi kiasi gani kwa kundi kugeuza na kurudi? Kituo ambacho kurudi kunagharimu mtihani, heshima au bajeti kitakuja kupoteza mtu.

Kalenda ndiyo hatua ya kwanza. Desemba na Januari ni miezi ya aurora, yaani mianga ya rangi inayocheza angani karibu na ncha za dunia. Svalbard hupita adhuhuri chini ya eneo ambalo chembe zinazotoka kwenye jua huingia moja kwa moja katika anga ya juu, na kwa kuwa adhuhuri yenyewe ni giza, aurora ya mchana huonekana kwa macho. Mahali pa aina hiyo ni pachache mno duniani, ndiyo sababu mwaka 2008 kilifunguliwa kituo cha kutazamia aurora cha Kjell Henriksen juu ya mlima Breinosa. Kuanzia katikati ya Februari hadi mapema Mei ni msimu wa skuta za theluji: kuna mwanga, ardhi imefunikwa, na baadhi ya ghuba zimeganda. Mwisho wa Mei na Juni ni kipindi kibovu. Theluji imelowa hadi chini, mito inapasuka, barafu ya bahari imeoza na boti haziwezi kupita. Usipange safari ya mbali wakati huo, hata mhadhiri akisisitiza vipi. Julai hadi Septemba ni ya boti na miguu. Mwishoni mwa kipindi hicho tabaka la juu la ardhi katika bonde la Adventdalen huwa limeyeyuka kwa kina cha mita moja hivi, na huo ndio wakati wa kulipima. Oktoba na Novemba giza linaingia, theluji bado ni haba, na watu hurudi maabara.

Kalenda hii yenyewe inahama. Tangu majira ya baridi ya 2005 na 2006, maji ya vuguvugu ya Atlantiki yamekuwa yakiingia ghuba kuu ya Isfjorden, na sehemu kubwa yake haigandi tena kama zamani. Kozi za barafu ya bahari hutegemea zaidi matawi ya ndani kama Tempelfjorden, au Van Mijenfjorden, ambayo mdomo wake umezibwa na kisiwa kirefu cha Akseløya. Kwa hiyo kila kozi inayohitaji barafu ya bahari iwe na mahali pawili palipoombewa kibali.

Vibali vinataka miezi, si wiki. Sheria ya mazingira ya Svalbard ya mwaka 2001 ni kali, na karibu theluthi mbili za nchi kavu ni hifadhi. Mradi husajiliwa katika hazina ya Research in Svalbard, na maombi hupelekwa kwa Sysselmester, yaani gavana. Maombi hukwama kwa sababu zilezile kila mwaka: viwianishi vya jumlajumla, idadi ya sampuli haikutajwa, au hakuna tarehe ya kuondoa vifaa vitakavyoachwa ardhini. Kuendesha chombo cha moto juu ya ardhi isiyo na theluji ni marufuku, kwa sababu alama ya gurudumu kwenye ardhi laini hudumu miongo. Tangu Januari 2025 kuna pia umbali wa lazima kutoka kwa dubu wa barafu: mita 300, na mita 500 kuanzia Machi 1 hadi Juni 30. Ratiba isiyoacha nafasi ya kulizunguka bonde zima kwa sababu dubu amelala katikati si ratiba.

Kwa msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala anayefikiria kuomba nafasi, kuna jambo moja linalowaponza wengi. Svalbard yenyewe haidai viza kwa raia wa nchi yoyote. Lakini njia ya kawaida ya kufika ni kupitia Norwei bara, ambayo iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na Svalbard iko nje yake. Ukiondoka Tromsø au Oslo kwenda Longyearbyen umetoka Schengen; ukirudi unaingia upya. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Viza ya kuingia mara moja itakufikisha, kisha itakukwamisha wakati wa kurudi.

Kila muhula hufunguliwa kwa mafunzo ya usalama kabla ya sayansi yoyote. Mwanafunzi hujifunza bunduki, skuta, maporomoko ya theluji, kujiokoa majini, huduma ya kwanza na redio. Bunduki ya kujikinga na dubu ni ya risasi za .308 au .30-06, si pungufu. Uwandani hubebwa risasi zikiwa ndani ya magazini na chemba ikiwa tupu. Kosa linalorudiwa sana ni kuiingiza bunduki kwenye kibanda chenye joto: unyevu hujishika kwenye chuma, na asubuhi nje komeo linaganda kabisa. Bunduki ilale kwenye baridi, ikiwa kavu, bila mafuta mazito, ila mahali ambapo mkono unaifikia haraka. Kabla ya bunduki kuna bastola ya fataki. Fataki hutua kati yako na dubu. Ukiirusha ikapasukia nyuma yake, unamkimbizia kwako. Na kabla ya fataki kuna macho: mahali pa kambi pawe na uwazi pande zote, chakula kikae mbali na hema, uzio wa waya wenye fataki uzungushwe kambi, na zamu za kulinda usiku ziwe fupi. Mtu aliyesimama peke yake kwa saa nne kwenye baridi huacha kutazama.

Dubu ndiye anayezungumzwa, lakini hatari za kila siku ni baridi, theluji na barafu. Skuta ikienda kilomita 40 kwa saa katika hewa tulivu ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 34 chini ya sifuri. Ndiyo maana msafara husimama mara kwa mara na kila mmoja humkagua mwenzake usoni akitafuta doa jeupe puani na mashavuni, dalili ya ngozi kuganda; mwenye doa hana habari nalo. Kwa mteremko, wasiwasi uanze kwenye nyuzi 30. Mpaka nyuzi 45 ndipo theluji hukatika zaidi, na upepo wa huku hulundika theluji ukingoni mwa nyanda za juu, kisha huimwaga juu ya njia za bondeni. Desemba 2015 poromoko liliingia mjini Longyearbyen kwenyewe na kuua watu wawili. Kila msafiri avae kifaa cha kutoa mawimbi mwilini, si mkobani, na awe na fimbo ndefu ya kuchomeka thelujini kumtafuta aliyefukiwa, na sepetu. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri katika dakika 10 hadi 15 za mwanzo; helikopta haifiki kwa muda huo. Waokoaji ni wale walio naye.

Sasa barafu ya bahari, ambayo ndiyo darasa lenyewe. Kwa barafu ngumu na safi ya maji baridi, kanuni ya haraka ni hii: chukua unene kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa 3.5, unapata kilo zinazobebeka. Sentimita 20 hubeba kilo 1,400. Lakini barafu ya bahari ina vijishimo vya maji ya chumvi, na hulainika joto likipanda hata kabla ya kuyeyuka. Skuta, dereva na sleji iliyojaa hufika kilo 600 kwa urahisi. Kanuni inataka sentimita 13. Mimi sipeleki kundi chini ya 30. Mtu wa mbele hutoboa kwa keekee tangu ufukweni, kisha kila mahali rangi ya barafu, kina cha theluji au mkondo wa maji unapobadilika. Ufukweni ndipo pabaya zaidi, maana maji kupwa na kujaa huivunja barafu kila siku. Theluji nene nayo hudanganya: hukinga barafu na baridi isinenepe, na huigandamiza mpaka maji yapande juu. Skuta ikizama kwenye rojo hilo, hali ya kundi hubadilika kwa dakika moja. Kila mtu avae shingoni vigingi vya kujivutia kutoka majini, na kamba ya kurusha iwe kwa mtu wa mbele na wa nyuma.

Kukata mche wa barafu, yaani kipande kirefu cha duara kutoka juu hadi chini ya barafu, kunaonekana rahisi. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 9 huzamishwa kwa injini ndogo, mche hutoka, na hapo saa inaanza kuhesabu. Laza mche, usiusimamishe. Toboa vitundu kila sentimita 10 na usome halijoto mara moja, ukianzia upande uliokuwa karibu na maji. Kisha kata vipande vya sentimita 5 au 10, kila kimoja kwenye chombo chenye kifuniko, viyeyuke ndani, ndipo upime chumvi. Kinachoharibika ni tabaka la chini. Maji ya chumvi hutiririka mche unapotolewa, kwa hiyo chumvi ya chini husomeka pungufu, na mwezi wa Mei kosa hilo ni kubwa zaidi. Wa biolojia wakate mche wao tofauti: mwani huishi sentimita chache za mwisho, haupendi mwanga wa ghafla, na ukiyeyushiwa kwenye maji yake matupu hupasuka kwa mabadiliko ya chumvi. Ongezeni maji ya bahari yaliyochujwa.

Vifaa hufa kwa njia zinazojulikana. Betri za lithiamu za kuchaji hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na zikichajiwa zikiwa chini ya sifuri huharibika moja kwa moja. Zibebwe ndani ya koti na zichajiwe kibandani zikishapata joto. Nyaya za PVC hupasuka, chagua za silikoni. Kifaa cha kupima chumvi na joto majini kina kijibomba cha kioo. Tone la maji likiganda ndani, kioo kimekwisha. Kikae kwenye sanduku lenye joto mpaka dakika ya kushushwa, kisha kisubiri kidogo chini ya barafu kabla ya kuanza kipimo. Upande wa skuta, beba mkanda wa ziada, plagi, na petroli. Kisia lita 25 kwa kilomita 100 ukivuta sleji, kisha ongeza theluthi kwa ajili ya theluji laini na njia ya kuzunguka.

Nani anaamua kwamba hatuendi? Mwalimu anajua sayansi, kiongozi wa usalama anajua njia, na ofisa wa zamu mjini ana utabiri na redio. Yeyote kati ya hao watatu akisema hapana, jibu ni hapana, na hatakiwi kuthibitisha. Utaratibu huu hudumu tu ikiwa kozi imeandaliwa kuuvumilia. Siku tano za kazi zipewe siku nane za ratiba. Kwa kila kituo cha mbali kuwe na mbadala unaofikika kwa miguu au kwa gari, unaojibu swali lilelile la somo. Data za miaka iliyopita ziwe tayari, ili mwanafunzi aliyenyimwa safari aandike ripoti inayosahihishwa kwa vigezo vilevile. Mwanafunzi asilazimike kamwe kuchagua kati ya alama na tahadhari, na wala mwalimu asiwe na sababu ya kubembeleza hali ya hewa.

Nje ya mabonde ya karibu, sehemu nyingi hazina mtandao wa simu. Kundi hubeba redio, simu ya setilaiti na kifaa cha kutoa mahali lilipo, na huripoti kwa saa zilizokubaliwa. Ofisa wa zamu awe na karatasi yenye majina, njia, rangi za mahema na saa ambayo ukimya unageuka dharura. Saa hiyo iandikwe kabla ya kuondoka, kundi likiwa bado lipo.

Msafara ukirudi, kazi ya stoo inaanza upya usiku huohuo. Kamba na mahema hutandazwa vikauke. Bunduki hukaguliwa chemba kisha hupokelewa kwa saini. Sampuli huingia kwenye friza kabla ya mtu yeyote kula, kwa sababu chumba chenye joto huharibu kwa saa moja kilichotunzwa na baridi siku nzima. Skuta yenye hitilafu hufungwa utepe, na dereva mwenyewe huandika ilivyosikika na ilitokea mwendo gani. Fundi wa karakana akiikuta imeandikwa tu "mbovu", atapoteza asubuhi nzima akiitafuta hitilafu, na kundi la siku inayofuata litaondoka likiwa na skuta moja pungufu.