Baklinki si kitu cha kuweka

Kwa mara ya tatu mwaka huu nimekaa kwenye semina ya wajasiriamali hapa Tanga nikasikia sentensi ile ile: "Weka baklinki nyingi kwenye tovuti yako, Google itakupandisha juu." Watu wakainama wakaandika. Safari hii pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Raskazone. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hizo baklinki huwa zinakaa upande gani wa ukurasa?" Kwa maneno aliyosikia, swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Ukiambiwa weka, lazima uulize pa kuweka.

Maana yenyewe ni fupi. Baklinki ni kiungo kilichopo kwenye tovuti ya mtu mwingine, kinachomleta msomaji kwenye ukurasa wako. Maudhui ni yaliyomo kwenye ukurasa wako mwenyewe, na yaliyo bora ni yale yanayomjibu mtafutaji kile alichokuja kuuliza. Injini ya utafutaji, kama Google, hutazama yote mawili, pamoja na mambo mengine mengi, inapoamua ukurasa upi utangulie kwenye orodha ya majibu.

Kinachowapoteza watu, naamini, ni neno "kiungo". Limetokana na kuunga, na umbo lake la ki- mwanzoni na -o mwishoni ndilo lile la vyombo vya kufanyia kazi: kifuniko cha kufunikia, kizibo cha kuzibia. Goti ni kiungo. Bizari ni kiungo, maana mchuzi huungwa. Hata mchezaji wa Coastal Union anayewaunganisha mabeki na washambuliaji pale Mkwakwani ni kiungo. Katika yote hayo neno halisemi nani kamuunga nani, wala halihitaji kusema. Goti limeunga paja na muundi, basi. Kwenye tovuti, kinyume chake, mwelekeo ndio kila kitu. Kiungo kinachotoka kwako kwenda kwa jirani ni baklinki ya jirani. Cha kutoka kwa jirani kuja kwako ndicho baklinki yako, na mwenye kuamua kukiweka ni yeye.

Wapo waliojaribu kutafsiri wakasema "kiungo cha nyuma". Siwalaumu, lakini nyuma ni mahali, na msomaji atauliza nyuma ya nini. Kiswahili mambo ya nani-kwa-nani hukiachia kitenzi: kutaja na kutajwa, kudhamini na kudhaminiwa. Mimi husema "kiungo cha kutajwa". Kirefu kidogo, ila anayekisikia hawezi kudhani kwamba anajitengenezea mwenyewe.

Na kutajwa ndiko wazo lilikoanzia. Mwaka 1996, Larry Page na Sergey Brin wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuwa na mradi walioupa jina BackRub, kwa sababu hesabu yake ilichunguza viungo vinavyoingia kwenye kila ukurasa. Mradi huo ndio uliozaa Google. Walikuwa wakiwatazama wanazuoni: makala inayotajwa na wenzake wengi huchukuliwa kuwa na uzito. Kanuni yao, PageRank, iliyobeba jina la Page mwenyewe, waliitangaza mwaka 1998, na haikuhesabu idadi ya viungo tu. Ukurasa uliotajwa na ukurasa wenye uzito hupata zaidi, na ukurasa unaowataja mia humgawia kila mmoja sehemu ndogo.

Watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa sana hapo. Kijana akija kuposa, wazee huulizia mtaani kwake. Mzee asiyesifia ovyo akisema "huyo namjua, ni mtu", mlango unafunguka. Anayemsifia kila apitaye husikilizwa kwa heshima tu. Na hakuna anayemuuliza kijana mwenyewe ajitolee ushahidi.

Ndiyo maana huniuma kuona watu wanauziwa baklinki kwa mafungu. Wanacholipia ni kutajwa kwenye kurasa ambazo hazisomwi na mtu. Google inakataza kununua viungo ili kupanda. Aprili 2012 ilitoa sasisho lililopewa jina Penguin, likazishusha tovuti nyingi za aina hiyo, na tangu 2016 viungo vya namna hiyo kwa kawaida hupuuzwa tu. Viungo vya matangazo ya kulipia vinatakiwa viwekwe alama inayoieleza injini kwamba vimelipiwa. Na vile unavyojibandikia kwenye sehemu ya maoni ya tovuti za watu, vingi huwekewa alama, iliyoanza 2005, ya kuiambia injini isivihesabu. Fedha imekwenda, ukurasa upo pale pale.

Maudhui nayo yamepata mkosi wake. Shuleni tulisoma fani na maudhui, tukajua kwamba maudhui ni kinachosemwa, na fani ni namna kinavyosemwa. Sasa naona mtu anaandika "Mapango ya Amboni Tanga" mara thelathini kwenye ukurasa mmoja na kuyaita hayo maudhui. Anayetafuta Amboni anataka kujua kwamba ni kama kilomita nane kutoka mjini, kwenye njia ya kwenda Mombasa; avae viatu gani; kama mzee mwenye magoti mabovu ataweza kupita; na kama ni kweli Osale Otango, yule aliyesakwa na serikali ya kikoloni, alijificha mle. Kijana anayeongoza wageni pale anayajua yote haya bila kufungua kitabu. Akiyaandika kama anavyoyasimulia, mwalimu wa historia atalielekeza darasa lake kwenye ukurasa ule, na mwandishi wa safari atautaja. Viungo vitakuja kwa njia hiyo, polepole, na Google wenyewe wamekwisha kusema kwamba uzito wa viungo si mkubwa kama ulivyokuwa zamani. Pasipo jibu ndani ya ukurasa, hata utajwe na nani, mgeni atafungua na kufunga.

Baada ya semina nilimsubiri mtoa mada nje, tukanywa kahawa. Ni mtu mwema, anajitolea muda wake, na mengi aliyosema yalikuwa sawa. Nilimwambia, "Kaka, naomba ubadili kitenzi kimoja tu. Palipoandikwa 'weka baklinki', andika 'pata'." Akafungua kompyuta pale pale juu ya meza akabadilisha. Yule mama wa Raskazone alikuwa bado anasubiri daladala, nikamfuata nikamweleza kwamba hazikai upande wowote wa ukurasa wake. Zinakaa kwa watu wengine, na zile alizokwisha ahidiwa kuuziwa asizilipie.