Bendera ya Taifa: wanayoamini watoto wetu, na ukweli wenyewe

Muulize mtoto wa darasa la nne hapa Moshi rangi za bendera, atakujibu bila kupumua: kijani uoto, njano madini, nyeusi watu, bluu maji. Sasa muulize bendera yenyewe ilitoka wapi. Kimya. Pengo hilo ndilo linalozaa dhana nyingi ninazokutana nazo darasani, na nyingine watoto wanazitoa nyumbani.

Kubwa kuliko zote: "Bendera hii ndiyo iliyosimikwa kileleni Kilimanjaro." Hapana. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha kileleni bendera ya Tanganyika. Ile ilikuwa na mistari ya kulala: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na vistari vya dhahabu kati yake. Bluu haikuwemo kabisa.

Bluu ilikuja na Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilipeperusha bluu, nyeusi na kijani. Nchi mbili zikaungana tarehe 26 Aprili, na bendera tuliyonayo ikaanza kutumika 30 Juni mwaka huohuo. Siku hizi naanzia hapo. Nawapa watoto karatasi tatu na kalamu za rangi, wachore bendera mbili za zamani, halafu ya sasa. Juzi binti mmoja aliweka kidole kwenye bluu ya Zanzibar, akakiburuta taratibu mpaka kwenye pembe ya chini ya bendera ya leo. "Mwalimu, kumbe imetoka huku!" Sikuwa na la kuongeza. Muungano aliushika kwa kidole.

"Bluu ni tanzanite." Hii ni ya huku kwetu, na naielewa: Mererani inakochimbwa tanzanite si mbali, na mtoto ambaye mjomba wake yuko machimboni atafikiri nini kingine? Lakini tanzanite iligunduliwa 1967, miaka mitatu baada ya bendera. Madini yako kwenye njano. Bluu ni bahari, maziwa na mito, yakiwemo haya maji ya mlimani yanayoingia bwawa la Nyumba ya Mungu na kufuata Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi.

"Nyekundu ni damu ya mashujaa." Bendera yetu haina nyekundu. Hiyo ni ya Kenya, na watoto wanaovuka Holili kwenda Taveta wanaiona mara nyingi.

"Kijani na njano ni za CCM." Hapa mwalimu aseme taratibu, maana kuna ukweli nusu. CCM ilizaliwa 5 Februari 1977, bendera ikiwa na miaka kumi na miwili. Ila ni kweli kwamba bendera ya Tanganyika ilifuata kijani na nyeusi za TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru. Mtoto aambiwe yote mawili. Akificha mwalimu, atajaziwa na mtaa.

Na mwisho, kuichora kinyume, jambo ninaloliona hata kwenye kuta za madarasa. Anza kwenye mlingoti: mkanda mweusi wenye kingo za njano unatoka pembe ya chini hapo mlingotini na kupanda mpaka pembe ya juu upande wa pili. Kijani kinakaa juu, kikigusa mlingoti. Bluu inakaa chini, upande unaopepea.